Fundi Aliyezima Sauti

Ukuta uliotutenganisha mimi na mwenye chumba cha michezo ulikuwa wa mbao na bati, na mbao zenyewe zilikuwa zimeanza kuachana. Upande wangu palikuwa na cherehani, meza ya kukatia vitambaa na kioo cha wateja. Upande wake palikuwa na kompyuta zilizopangwa ukutani, mabenchi, na vijana wa mtaa wetu wa Kasulo, hapa Kolwezi, waliocheza mpira bila kutoka jasho. Nimeshona miaka mingi nikisikiliza michezo ambayo sikuwahi kuiona. Nilijua refa akipuliza filimbi, nilijua gari likigonga ukuta, na bunduki nilizitofautisha kwa mlio. Wateja wangu walirukia mbali nikiwa nawapima kiuno, kwa sababu bomu limelipuka upande wa pili. Nikigonga ubao kwa mkasi, mwenye chumba alipunguza sauti kidogo, kisha taratibu ikapanda tena. Tulianza kujuana hivyo, mimi mama mshonaji na yeye, kwa ugomvi.

Kila mtu alimwita Fundi, na mimi nitamwita hivyohivyo. Jina analo, lakini mke wake yupo bado, na sipendi watu wakamsumbue.

Mashati yake niliyashona mimi. Alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, hata ule mwezi wa joto kabla mvua hazijaanza, wakati sisi wengine tunatafuta kivuli cha kujificha. Mkono wake wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, jambo ambalo fundi cherehani huliona na mke halioni. Mara ya kwanza nilimrefushia upande mmoja, akalirudisha shati akidai nimekosea vipimo. Nilimsimamisha mbele ya kioo. Alijitazama kwa muda, akasema kioo changu kimepinda, akaondoka na shati. Miaka yote iliyofuata aliagiza mashati, nami nikaendelea kurefusha mkono ule kimyakimya, wala hatukulizungumzia tena.

Chumba kile cha michezo alikifungua kwa sababu moja, na hakuificha: hakutaka mtoto wake, Ilunga, ashuke shimoni. Sisi wa Kasulo tunalala juu ya madini ya kobalti. Kuna nyumba ambayo shimo limeanzia jikoni, kuna nyingine limeanzia chumbani walipolala wazee, wamefunika kwa turubai ili mvua isiingie. Kijana akikosa kazi hapa, haulizi sana aende wapi, maana kazi iko chini ya miguu yake. Ilunga alikuwa mtoto wao pekee. Alikuwa na diploma yake ya serikali, aliyoiweka ndani ya plastiki, na hakuna ofisi Kolwezi ambayo hakuipeleka. Fundi alimwambia, "Utakaa hapa, utasimamia bantu benye kucheza, utakula. Chini kule hapana." Alilisema mbele yangu, mbele ya wateja, mbele ya yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza.

Lakini kilichomjulisha mjini hakikuwa chumba hicho, ilikuwa ni sauti. Kompyuta ikiwaka vizuri, mchezo ukifunguka vizuri, wachezaji wakikimbia uwanjani na mdomo wazi lakini hakuna kinachosikika, watu waliileta kwake. Walitoka sokoni, walitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa migodi, mmoja alikuja kutoka Sandoa na kompyuta yake ndani ya mfuko wa mchele. Mafundi wengine wa mjini walikuwa na dawa moja tu, kufuta kila kitu na kuanza upya. Fundi aliwadharau vibaya sana. Alisema hao ni watu wa kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea.

Yeye hakuigusa mashine kwanza. Alimhoji mwenye mashine, na maswali yake yalikuwa ya polisi.

"Inanyamaza yote, ao nusu?"

"Yote, tata," mteja alimjibu, akimwita baba kwa heshima.

"Hata ukiiwasha, haiimbe kale kawimbo kake?"

"Kale kawimbo inaimbaka."

"Basi hainyamaze yote. Juu ya nini unanidanganya?"

Kisha alianza kazi, na utaratibu wake ulikuwa mmoja, hata kwa mtu mwenye haraka. Alitazama waya kama umeingia tundu lake. Alichungulia kwa tochi lile tundu la waya wa masikioni, kwa sababu mara nyingi kipande kilivunjikia humo, na mashine ikabaki inadhani kuna mtu anasikiliza peke yake. Vumbi letu jekundu nalo lilikuwa linajaa humo, akalitoa kwa mswaki wa mtoto. Halafu alitazama sauti inatumwa wapi. Kompyuta ikiunganishwa na televisheni hupeleka sauti yote huko, hata kama spika za televisheni hiyo zilikufa zamani. "Yeye anatuma," alimwambia mteja, akiigonga kompyuta mgongoni. "Anatuma muzuri kabisa. Ni kule anatuma njo hakuna muntu wa kupokea." Baada ya hapo aliingia ndani ya mchezo wenyewe, kwenye mipangilio yake, kwa kuwa mchezo una sauti zake mbali na za kompyuta: ya muziki, ya watangazaji, ya mashabiki, na kila moja inaweza kufungwa peke yake na mtoto mwenye vidole vya haraka. Mwisho kabisa, kama huko kote ni sawa, ndipo alipoigusa ile programu ndogo inayoendesha sauti, aliyoiita pilote. Aliitoa, akazima mashine, akawasha, akairudisha. Sauti ikarudi na yeye hakutabasamu. Alimpa mtu mali yake na kumwonya asile ugali juu ya kompyuta.

Kuna kijana mchimbaji aliyepata bahati siku moja, akanunua kompyuta kubwa Lubumbashi. Mchezo wa magari haukuwa na sauti. Mama yake aliipeleka kwenye chumba cha maombi, wakaiombea, wakaipaka mafuta, na mafuta yakamiminwa ndani ya spika zote. Fundi aliifungua akainusa.

"Ni mafuta ya nini?"

"Ya maombi, tata," kijana alijibu.

"Ya maombi najua. Ya ngazi ao ya nini?"

"Ya ngazi."

Nilikuwa nimeweka jicho kwenye ufa wa mbao, nikingoja amtukane, maana siku hiyo nilikuwa na hamu ya kucheka. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili. Fundi alisafisha mafuta yale ya mawese kwa pamba na spiriti mpaka jasho likamtoka, na baadaye akaikuta shida kwenye mipangilio, mtu alikuwa ameshusha sauti ya mchezo mpaka chini. Alimwambia yule mama kwamba maombi yamesaidia, kwa sababu bila mafuta asingefungua upande ule na kuona vumbi lililokuwamo. Ulikuwa uongo mtupu. Fundi alikuwa mkali kwa wanaume na mpole kwa mama zao, na sijui kwa nini mkewe mwenyewe hakuingia kwenye hesabu hiyo.

Jambo lililomkasirisha kuliko yote ni michezo iliyokatwa. Michezo hii ilitufikia kwenye flashi kutoka Lubumbashi, na ili itoshe humo, watu wa huko waliipunguza. Cha kwanza kutupwa kilikuwa sauti za watangazaji. Basi vijana wakaja kulalamika kwamba mpira unasikika, filimbi inasikika, ila mtangazaji amekuwa bubu.

"Iyi haikuharibika," Fundi alisema. "Iyi haikukuyaka." Yaani sauti hiyo haikuja na mchezo tangu mwanzo.

"Tafuta tu kiloko, tata," walimsihi, atafute kidogo tu.

"Kintu kinapotea, natafuta. Kintu hakikukuyaka, nitakitafuta wapi?"

Waliondoka wakisema ana roho mbaya. Ilunga ndiye aliyepata njia. Alisimama nyuma ya wachezaji na kutangaza mechi kwa kinywa chake, Kiswahili na Kifaransa vimechanganyika, akiwapa wachezaji wa Ulaya majina ya watu wa mtaa wetu. Beki mzito alipewa jina la mwenye duka la unga. Kipa aliyefungwa alipewa jina la pasta. Watu walijaa mpaka nje, wengine hawakucheza, walikuja kusikia tu. Mimi niliacha kushona, na nguo ya harusi ya mtu ikachelewa. Fundi alikaa kwenye kona yake akijifanya anachomelea waya, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Hizo ndizo siku nzuri tulizopata kwenye ukuta ule.

Aliweka beseni la maji na sabuni mlangoni. Asiyenawa haingii, na wachimbaji walilazimika kunawa mpaka viwikoni, maana vumbi la madini liliua vitufe. Waliliita beseni lile ubatizo. Aliwachukia wachimbaji na aliishi kwa ajili yao. Hakuruhusu mtu ataje shimo ndani ya chumba chake, wala mfuko wa madini kupita kizingitini, wala bei ya kobalti. Lakini mmoja wao akifa, Fundi alimjua kwa jina la nyumbani, alijua mama yake anakaa wapi, na alikuwa wa kwanza kufika huko, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Nyumbani kwake hakutaka redio. Kanisani aliimba kwaya, na aliimba vibaya, mpaka mwalimu wa kwaya akampanga nyuma kabisa karibu na dirisha. Yeye aliamini amepangwa pale kwa sababu ni mrefu.

Sasa nifike kwenye desturi iliyomgharimu. Kwetu mtu akifa, kilio kinafunguliwa kwao: turubai linafungwa, viti vinatolewa, watu wanakuja kukaa na kulala pale mpaka baada ya mazishi. Majirani wanapunguza muziki. Wengi wetu tunapunguza kidogo, tunajua wenye msiba watatuelewa. Fundi hakupunguza. Kilio kikifunguliwa kwenye avenyu yetu, alipita mashine kwa mashine akaitoa ile pilote, ili asiwepo kijana wa kupandisha sauti kwa siri. Waliotaka kucheza walicheza bubu. Hata Ilunga alikatazwa kutangaza. Kilio kikifungwa, na wenye nyumba wakishafagia uwanja, Fundi alirudisha sauti, mashine moja baada ya nyingine, akiinamia kila moja na kuisikiliza kabla hajakwenda ya pili. Watu walimheshimu kwa hilo, na mimi nilimheshimu. Nilipumzisha masikio pia, nisiseme uongo.

Ila mashimo yaliongezeka. Mahandaki ya chini yakaanza kukutana, huyu anachimba kutoka jikoni kwake, yule kutoka chumbani kwake, na ardhi ikabaki ganda. Mvua zikija, inaanguka. Ukafika wakati kilio cha upande wa juu wa avenyu kinafungwa asubuhi na cha upande wa chini kinafunguliwa mchana, na pilote hazikupata nafasi ya kurudi. Kando ya barabara kubwa mtu mwingine alifungua chumba cha michezo chenye jenereta na spika za kutikisa kifua. Huyo hakuuliza nani amekufa. Vijana walihamia huko, kwanza wachache, halafu benchi zima.

Nilisikia ugomvi wao kupitia mbao. Nilikuwa napinda pindo la suruali, nikaacha.

"Tata, rudisha sauti," Ilunga alisema. "Bantu bote banaenda ku barabara."

"Kuko kilio."

"Siku zote kuko kilio. Hapa Kasulo kilio haitaisha, tata."

"Basi sauti haitarudi."

"Na mi nitakula nini?"

"Wende Dilolo kwa mujomba yako. Ukauzishe mafuta kule ku mupaka."

"Mi siendi Dilolo kukaa nyuma ya muntu kama mutoto. Rudisha sauti, bantu batarudi. Ni kintu kimoja tu naomba."

"Ule ananyamaza kule chini ya turubai, alikaa hapa hapa ku benchi. We mwenyewe ulimuita majina. Leo nitamupigia filimbi juu ya kichwa?"

Nasema wazi ninavyoona: Fundi alikuwa na haki, na alikosea, yote mawili kwa mara moja. Heshima aliyowapa waliokufa ilikuwa inamwondolea riziki aliye hai. Nilitaka kwenda kumwambia. Lakini ningesema nini? Kwamba wafu wamezidi, tuache kuwajali? Nilirudi kwenye pindo langu.

Muda si mrefu Ilunga alishuka. Shimo lenyewe lilikuwa nyuma yetu, jikoni kwa jirani, na handaki lake lilipita chini ya chumba cha Fundi na chini ya cherehani yangu. Hakumuaga baba yake. Fundi alijua kwa masikio. Asubuhi moja aliniita kupitia ukuta, na sauti yake ilikuwa ya adabu isiyo ya kawaida.

"Mama, simamisha mashini yako kiloko."

Nikatoa mguu kwenye kanyagio. Chini ya sakafu palikuwa na nyundo, inagonga, inapumzika, inagonga.

"Ni Ilunga," alisema. "Mukono yake naijua."

Tangu siku ile sauti haikurudi kwenye chumba chake, kilio kiwepo au kisiwepo. Wachache waliobaki wakiuliza, aliwaambia pilote zimeharibika, anangoja nyingine kutoka Lubumbashi. Mtu ambaye mji mzima ulimletea mashine bubu alikaa mbele ya mashine zake akisema hajui zina nini. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyembishia. Alitaka kimya ili amsikie mtoto wake. Nyundo ikigonga, Ilunga yuko hai. Ikinyamaza, Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena mpaka ianze. Na Ilunga alijua anasikilizwa. Akifika chini ya chumba cha baba yake aligonga juu polepole, kama mtu anayebisha hodi, kisha akaendelea na kazi. Jioni walipokutana nyumbani hawakusemezana. Mama yake aliniambia walikula sahani moja na kuangalia pembeni.

Ardhi ilianguka alasiri ya mvua. Mimi nilikuwa nakata kitambaa, nikaona glasi ya maji inateleza mezani. Kisha sauti nzito, fupi, halafu watu wanakimbia nyuma ya nyumba. Jiko la jirani lilikuwa limeingia chini na sufuria zake, na Ilunga na wenzake walikuwa humo. Wachimbaji walijaribu kufungua upande mwingine, wakashinda humo na kulala humo, matope yakirudi kila walipoyatoa, mpaka wakubwa wao wakasema inatosha, shimo litakula na hawa. Likafukiwa. Ilunga na wenzake hawakutolewa.

Familia za wale wengine zilifungua vilio vyao na picha juu ya meza, mahali pa jeneza. Fundi alikataa. Wazee wa kanisa walikuja, akawaacha wasimame mlangoni.

"Hakuna kilio hapa," aliwaambia. "Mutoto eko chini. Hakuna muntu alimuona anakufa."

"Tata, Mungu ndiye anajua. Tuombe basi."

"Mukaombee kwenu. Hapa munapiga kelele, sisikie."

Alikunja mkeka wa chumba akauegemeza ukutani, akalala kifudifudi na sikio juu ya saruji. Alikaa hivyo mchana wote, siku zikapita, akaamka tu kula na kwenda haja. Mashine zilibaki zimewaka, mtu akiingia kucheza alicheza kimya na kumruka miguu. Mke wake alipoanza kulia, alimnyamazisha. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Acha, mama, unanizuia kusikia." Yule mama akanyamaza. Sijapata kusikia ukatili uliosemwa kwa upole namna ile, na nilimchukia Fundi, nasema kweli, nilimchukia nikiwa namhurumia.

Yule mama alinijia na kitambaa cheusi.

"Unishonee," alisema. "Hata kama sivae."

Nilimpima. Alikuwa amepungua, nikalazimika kurudia vipimo kwa sababu sikuamini. Nguo ilipokuwa tayari hakuipeleka nyumbani. Ilibaki kwangu, imening'inia nyuma ya kioo. Alikuja akijifanya ameleta nguo ya kurekebishwa, akaingia nyuma ya pazia, akaivaa, akajitazama. Halafu aliingiza sehemu ya mkono wa nguo mdomoni na kulia humo, ili sauti isipite ukutani. Nilikuwa nakanyaga cherehani bila kitambaa, nimsaidie kuficha. Akimaliza aliivua, akaivuta mikunjo ikaisha, akanirudishia. "Aksanti, mama," alisema kila mara, na akaenda kupika. Bila kilio hakukuwa na mtu wa kukaa naye, hakukuwa na kuimba, hakukuwa na siku ya kufagia na kusema imekwisha. Alikuwa mama wa mtu ambaye hakufa na harudi.

Kiangazi kilifika. Siku niliyomwona Fundi kwa mara ya mwisho ndani ya chumba kile, aliniita kupitia mbao wakati wa asubuhi. Nilizunguka nje nikaingia kwa mlango wake, mara yangu ya kwanza, baada ya miaka yote ile. Beseni lilikuwa limekauka. Kompyuta chache tu ndizo zilizokuwa zinawaka, na juu ya zote palikuwa na vumbi jekundu ambalo zamani asingeliruhusu kutua. Alikuwa ameketi sakafuni. Shati lake lilikuwa wazi shingoni, nikaona mifupa.

"Mama," alisema, "masikio yangu inachoka. Leta yako."

"Nifanye nini, tata?"

"Lala hapa. Uniambie unasikia nini."

Nilipiga magoti. Mimi ni mtu mzima, na kulala sakafuni kwa mwanamume asiye mume wangu si jambo dogo kwetu, lakini sikulifikiria. Niliweka sikio pale alipozoea kuweka lake, saruji ilikuwa laini pale. Ilikuwa baridi. Nilisikia pampu ya mtu mbali. Nilisikia lori barabarani, na damu yangu mwenyewe. Nilingoja. Nilitamani kwa moyo wangu wote nisikie kitu, hata panya, nimpe. Na uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kabisa, ungemfurahisha mpaka jioni. Kisha nikamkumbuka mke wake nyuma ya pazia langu, na mkono ule wa nguo.

"Unasikia nini?" aliuliza.

"Sisikie kintu, tata."

Hakukasirika. Alitazama mikono yake.

"Hata mi," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya mvua. Sikusikiaka kintu hata siku moja."

Tulikaa. Kwenye mashine moja mpira ulikuwa unaendelea wenyewe, wachezaji wakikumbatiana baada ya goli ambalo hakuna aliyelifunga. Nilifikiri atalia na hakulia. Alianza kufunga vifungo vya shati, kimoja kimoja kutoka chini, mpaka cha shingo.

"Ile nguo nyeusi ya bibi yangu," alisema. "Iko kwako?"

Sikujua kwamba anaijua nguo ile ya mkewe. Lakini ufa niliomchungulia yeye ndio uleule aliochungulia kwangu.

"Iko."

"Umupelekee avale. Umwambie alie na sauti."

Nilirudi kwangu, nikaichukua nguo nyuma ya kioo na kuingia uani kwao. Mke wake alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliiona mkononi mwangu, akaniangalia usoni, akaweka ungo chini. Sikuwa nimemaliza kumwambia maneno ya mume wake alipoanza. Majirani walitoka milangoni, wanawake wakaja wakikimbia wakiwa na mikono ya unga na sabuni, wakamzunguka, na kilio cha Ilunga kikafunguliwa. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.